Kizuizi Ndani ya Mtutu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkuu wa ulinzi wa kiwanda cha unga aliweka sanduku la bati juu ya meza yangu ya kazi, akalifungua. Ndani mlikuwa na bastola ya silinda, ya risasi sita, na mtutu wake ulikuwa umevimba. Uvimbe ulizunguka chuma pande zote kwa unene ule ule, kama pete iliyovishwa chini ya ngozi.

"Chatu kameza yai," alisema. "Dada Fundi, umewahi kumwona chatu wa chuma?"

"Nimewahi," nilisema. Katika miaka kumi na minne ya kazi nilikuwa nimewaona wawili.

Nyuma yake alisimama mlinzi mwenye silaha hiyo, mzee mrefu aliyekuwa na shati la nyumbani badala ya sare. Kiwandani wanamwita Dakika. Hajawahi kusema "saa tatu" maishani mwake. Atasema saa tatu na dakika mbili, au saa tatu kasoro dakika moja, na ndivyo anavyoandika katika daftari la lango. Kila baada ya miezi sita yeye ndiye aliyeniletea silaha za walinzi wenzake kwa ukaguzi, akaketi kwenye benchi la mlangoni, akabishana na baba yangu kuhusu saa ya ukutani. Siku hiyo hakuketi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji iliyoanza kuchakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alijibu akilitazama sanduku.

Mkuu wa ulinzi alieleza. Walikuwa kwenye jaribio la mwaka la kulenga shabaha, nyuma ya ghala. Dakika alivuta kifyatulio mara moja. Mlio haukuwa wa kawaida; ulikuwa mfupi, kama mlango uliobamizwa na upepo ndani ya nyumba. Ubao wa shabaha haukuwa na tundu. Moto ulitoka pembeni mwa silinda ukamuunguza kidole. Kama angevuta mara ya pili, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

"Na chanzo mwenyewe amekiandika," aliendelea. "Aliacha kitambaa mdomoni mwa mtutu. Au siyo, Dakika?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Mwambie Fundi. Usiniangalie mimi, mimi siyo daktari wa chuma."

Dakika alieleza kwa utaratibu. Kiwandani vumbi la unga linaingia kila mahali, hata ndani ya saa. Walinzi hawaruhusiwi kufungua silaha wala kutoa risasi. Kazi yao ni kufuta nje. Kwa hiyo yeye alikuwa na kawaida ya kusokota kipande cha kitambaa na kuziba mdomo wa mtutu akiwa zamu, kisha kukitoa anapomaliza.

"Siku ile nilikitoa. Nadhani nilikitoa. Baadaye nilikitafuta mfukoni, sikukiona. Mke wangu akakitafuta mpaka kwenye tenga la nguo chafu. Sasa kama hakiko popote, basi kilikuwa humo. Hakuna hesabu nyingine."

"Mtu mzima anaitia bastola kizibo kama chupa ya dawa ya kikohozi," alisema mkuu wa ulinzi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amelisema mara nyingi, lilikuwa limeshalainika mdomoni mwake.

Akanipa fomu ya ukarabati. Mstari wa saba umeandikwa: Chanzo cha hasara. Kikao cha nidhamu kingekuwa kesho yake saa tisa alasiri, wakati wa kubadilishana zamu, ili walinzi wa zamu zote mbili wasikie. Dakika alikuwa amesimamishwa kazi kwa siku kumi na tisa sasa. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Uzembe ukithibitishwa, angeondoka bila barua ya utumishi, na jina lake lingefutwa kwenye orodha ya watu wanaoruhusiwa kubeba silaha. Mlinzi aliyefutwa kwenye orodha hiyo hapati hata lango la shule.

Walipokuwa wanatoka, Dakika alirudi hatua mbili.

"Fundi, usinihurumie. Andika utakachokiona."

Nilisubiri mpaka gari lao likaondoka, ndipo nikasoma namba iliyochongwa chini ya mpini na kuitoa kadi yake.

Kwa kila bastola inayopita karakanani kwetu kuna kadi, na kwenye kadi kuna bahasha ndogo. Baba ndiye aliyeanzisha. Anayetaka kujua upana wa ndani wa mtutu anachukua kidonge cha madini ya risasi, laini, kisicho na ganda, kikubwa kidogo kuliko tundu. Anakigonga kwa nyundo ya mti kiingie mdomoni mwa mtutu, kisha anakisukuma kwa ufito wa shaba mpaka kitokee upande wa silinda. Kinatoka kimechukua sura yote ya ndani, na hicho ndicho kinachopimwa kwa maikromita. Namba inaandikwa kwenye kadi, kidonge kinaingia kwenye bahasha. Sisi tunaita kuipa bastola kidonge. Baba alikuwa akiwatania wateja kwamba hicho ndicho kidonge pekee ambacho mgonjwa hana budi kukitoa ili apone.

Kadi ya bastola ya Dakika ilikuwa na namba: milimita tisa nukta sifuri saba. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa wino mweusi. Bahasha ilikuwa tupu.

Sikuhitaji kukumbuka. Nilikuwa sijasahau.

Miezi mitano kabla ya hapo, Dakika aliniletea bastola nne za kiwanda, za aina moja, za mwaka mmoja, zenye mipini ya rangi moja. Kanuni ya Baba ni silaha moja mezani, nyingine zote ndani ya kabati la chuma, na kabati lifungwe. Mimi niliona kanuni hiyo inakula muda. Nikazipanga zote nne kwa mstari kama fundi cherehani anayekata mashati manne kwa mkasi mmoja: vidonge vyote kwanza, kisha kuvisukuma vyote, kisha mafuta, kisha kufunga. Katikati ya kusukuma umeme ulikatika. Nikahamishia kila kitu kwenye meza ya dirishani, na mstari ukavurugika. Brashi ya mafuta ilipoingia kwenye mtutu mmoja ilikataa, nikaichomoa kabla haijatokea upande wa pili. Brashi ilikuwa mpya. Nilidhani ni ukali wa manyoya yake. Sikuuinua mtutu kwenye mwanga.

Wakati wa kupima nilikuta vidonge vitatu. Nilimulika chini ya meza kwa kurunzi, dakika nne hivi, nikaamua cha nne kimebingirika kwenye mfereji wa maji machafu. Vile vitatu vilikuwa na kipimo kimoja, tisa nukta sifuri saba. Nikaandika tisa nukta sifuri saba kwenye kadi ya nne.

Hiyo ni namba ambayo sikuipima. Katika miaka kumi na minne ndiyo pekee, na niliiandika kwa wino ule ule.

Kabla ya kugusa chochote nilipima mahali pa uvimbe. Ulikuwa sentimita sita kutoka mdomoni. Kitambaa cha Dakika, kwa maelezo yake mwenyewe, kiliingia kama pingili moja ya kidole. Ningeweza kumaliza uchunguzi hapo. Nikaendelea, kwa sababu bado nilikuwa na tamaa ya kukuta uzi ulioungua.

Nilitoa pini inayoshikilia mtutu, nikaubana kwenye jiliwa lililowekwa mbao mbili ili meno yake yasiume chuma, nikatia mafuta ya kupenya na kusubiri. Kisha niliuzungusha mpaka ukaachana na kiwiliwili. Nikauweka kwenye mashine ya kukandamiza na kusukuma kilichokuwa ndani. Kilitoka taratibu, kisha kikadondoka kwenye sinia. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

Vilikuwa vitu viwili vilivyogandamana. Nyuma ilikuwa risasi ya kawaida yenye ganda la shaba, pua yake imebonyea. Mbele yake, kimebandikwa kama kofia, kilikuwa kidonge. Uso wake wa mbele ulikuwa bapa, na juu yake ilionekana alama ya mistari ya mti wa nyundo yangu. Hapakuwa na uzi. Hapakuwa na majivu ya kitambaa.

"Nini hicho?" aliuliza Baba.

Baba ana mtoto wa jicho machoni kote kuwili. Huketi kwenye kiti cha kamba karibu na mlango wa stoo tangu asubuhi mpaka nifunge, na kazi yote ya karakana anaifuata kwa masikio. Alikuwa amesikia sauti ya kitu kikianguka kwenye sinia.

"Kilichoziba."

"Lete."

Nikampa. Alikigeuza kwa vidole vitatu, polepole, akakipitishia ukucha.

"Nyuma ni risasi. Mbele hakuna ganda."

"Ndiyo, Baba."

"Huu uso umegongwa kwa mti."

"Ndiyo."

"Basi ni cha kwetu."

Nilisema ndiyo kwa mara ya tatu. Akaendelea kukigeuza.

"Kadi inasemaje?"

"Kadi ina namba."

"Namba ya nani?"

"Ya jirani yake."

Nilitarajia anigombeze. Mwaka niliopokea funguo za karakana aliwahi kunirudisha kutoka nyumbani kwa miguu kwa sababu niliacha skrubu moja kwenye sinia isiyo yake. Lakini Baba aliuliza swali jingine, kwa sauti ya chini, akiwa amegeuzia uso mlangoni.

"Nani mwingine anajua?"

Masikio yangu yalipata moto. Swali hilo lilikuwa limeshapita kichwani mwangu kabla yeye hajalitamka. Kulisikia kutoka kwake kulikuwa kama kukuta nguo yangu chafu imevaliwa na mtu mwingine.

"Hakuna."

"Na huyo bwana keshaandika kitambaa?"

"Keshaandika na kutia sahihi."

"Kwa hiari yake?"

"Baba, anaamini."

"Nimeuliza kwa hiari yake."

"Kwa hiari yake."

Akanirudishia kile kitu. "Basi funika kombe mwanaharamu apite. Andika: kizuizi ndani ya mtutu. Hapo umeongopa wapi?"

"Sijaongopa."

"Haya. Fanya kazi."

Nilifanya kazi. Stoo kulikuwa na mtutu wa aina ile, haujatumika, umefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Nilisafisha hesi za kiwiliwili, ile mistari ya skrubu inayoushika mtutu, kwa brashi ya shaba. Mtutu mpya ulipokaza, kilengeo cha mbele kilisimama kushoto kidogo ya wima. Nikaupiga tupa ukingoni mara tatu, kila mara nikiurudisha na kuupima, mpaka kikasimama wima. Nikapima nafasi kati ya mtutu na silinda: sehemu kumi na tano za mia za milimita, sawa kwenye matundu yote sita. Nikaupa kidonge, nikakisukuma, kikatoka, nikakipima, nikaandika. Nikarudia. Nikarudia tena. Hapakuwa na silaha nyingine mezani. Kwa vipimo, ile ndiyo ilikuwa kazi bora niliyoifanya mwaka huo.

Saa kumi na moja na robo jioni nilijaza mstari wa saba: Kizuizi ndani ya mtutu. Nikausoma mara kadhaa. Kila neno lilikuwa kweli, na maneno hayo manne kwa pamoja yalikuwa yanamfukuza mtu kazi.

Kile kidonge sikukitupa. Sikukitia kwenye bahasha yake pia. Nilikifunga kwenye leso nikakiweka mfukoni, na wakati wa kula nilikisikia kikinigusa pajani kila nilipoinama kumhudumia Baba. Hakuuliza nimeandika nini. Alisema tu kwamba mchuzi una chumvi.

Kesho yake nilifika kiwandani saa tisa kasoro dakika kumi. Chumba cha walinzi ni kirefu na chembamba, kina makabati ya chuma upande mmoja na mabenchi upande mwingine, na kioo cha dirisha kimefanya utando wa unga usiotoka tena. Walinzi walikuwa kumi na mmoja, nusu wakivaa sare, nusu wakivua. Dakika alikuwa amesimama mwishoni kabisa, katika shati lile lile, limepigwa pasi. Niliweka bastola na fomu mbele ya mkuu wa ulinzi. Akaniletea kiti.

"Mgeni wetu akae. Haya, jamani, wanaovaa viatu wavae kimya kimya." Alifungua fomu. "Ripoti ya fundi. Mtutu umebadilishwa, umepimwa, uko salama. Chanzo cha hasara: kizuizi ndani ya mtutu." Akainua macho. "Kizuizi ndiyo Kiswahili cha ofisini. Huku kwetu tunasema kitambaa."

Watu walicheka.

"Angalau kilikuwa kimefuliwa?" aliuliza mmoja wa zamu ya usiku.

"Muulize shemeji," mwingine akasema. "Ndiye mwenye sabuni."

Wakacheka zaidi. Hawakuwa watu wabaya. Kwa siku ishirini walikuwa wameogopa kwamba silaha zao nazo zinaweza kupasuka, na sasa walikuwa wamepata sababu ya kutoogopa.

"Dakika, una la kusema?"

Alipiga hatua moja mbele. Aliwaomba radhi wenzake kwa kuwafedhehesha mbele ya kampuni. Alimwomba radhi mkuu wa ulinzi. Kisha akanigeukia.

"Na Fundi pia aniwie radhi. Silaha hii ilitoka mikononi mwake ikiwa nzima. Nimebeba bastola kutoka kwa baba yake, nikabeba kutoka kwake, hawajawahi kuturudishia kitu kibovu. Mimi ndiye niliyemharibia kazi."

Mkuu wa ulinzi alikuwa ameshashika kalamu. Nilisimama. Kiti kilikwaruza sakafu.

"Siyo kitambaa," nilisema.

"Umesemaje, dada?"

"Siyo kitambaa. Hakuna kitambaa kilichokuwemo."

"Lakini umeandika mwenyewe. Hii hapa."

"Nimeandika kizuizi. Kizuizi ni changu."

Nilifungua leso juu ya fomu. Nikaeleza kidonge ni kitu gani, kinaingiaje, kinapaswa kutokaje. Nikawaonyesha alama ya nyundo. Nikawaeleza kwamba uvimbe ulikuwa sentimita sita ndani na kitambaa cha mzee hakifiki hata tatu. Nilisema kwamba nilizifungua silaha nne kwa pamoja kinyume cha utaratibu wetu, nikaacha kidonge ndani ya moja, na nilipokosa cha kupima nikaandika kwenye kadi namba ya silaha nyingine. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa naiogopa kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyecheka. Walinzi watatu walishika mikanda yao.

"Nne, umesema," alisema yule wa zamu ya usiku.

"Hizo tatu nilipima kweli. Lakini msiniamini. Leteni."

Nilizifungua pale pale juu ya meza, moja baada ya nyingine, wenyewe wamesimama kwenye bega langu. Nilitoa risasi, nikainua mtutu dirishani, nikampa kila mmoja aangalie mwenyewe. Zilikuwa safi. Mmoja aliangalia mara mbili, akapuliza ndani.

Mkuu wa ulinzi alinivuta kando karibu na makabati. "Dada Fundi. Nakala ya fomu hii inakwenda ofisi ya leseni. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Hawa wataifunga karakana. Baba yako je?"

"Nipe kalamu."

"Tungeweza kuandika hitilafu ya kiufundi. Mzee anarudi kazini, na wewe..."

"Nipe kalamu, mkuu."

Nilikata maneno yale manne kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake: Kidonge cha kupimia kilichoachwa na fundi. Kipimo kilichoandikwa kwenye kadi hakikupimwa. Mtumiaji hahusiki. Nikatia sahihi na tarehe. Nilipogeuka, Dakika alikuwa amesimama mbele yangu.

"Uligundua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika hamsini asubuhi."

Aliitazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa tisa na dakika ishirini na sita."

"Ndiyo, mzee."

"Saa ishirini na tisa na dakika thelathini na sita."

Hesabu ilikuwa sahihi.

"Jana saa moja na dakika tano usiku," alisema, "mke wangu alimwaga kabati lote sakafuni. Ana mgongo, hainami vizuri. Nikamwambia aache, mambo yameshakwisha. Akasema hapana, tukikipata tutawapelekea wakione, watakurudisha. Alifungua pindo za mapazia. Alifikiri labda kiliingia kwenye pindo." Akakaza bendeji ya kidole gumba. "Saa hiyo wewe ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea jibu la kuandika kwenye daftari.

"Nisamehe, mzee wangu."

Alimgeukia mkuu wa ulinzi. "Barua yangu ya kusimamishwa ilisomwa hapa hapa, mbele ya hawa hawa. Naomba na hiyo isomwe hivyo hivyo. Kwa kusimama."

Mkuu wa ulinzi alisimama, akasoma maandishi yangu yote mawili, niliyoyakata na niliyoyaandika. Akatangaza kwamba adhabu imefutwa tangu siku ya kwanza na kwamba mlinzi anarudi kazini leo. Yule aliyeuliza kuhusu kufuliwa aliangalia viatu vyake. Mwingine alisema, "Pole, baba," kwa sauti ndogo.

"Haya, yamekwisha," alisema mkuu wa ulinzi. Aliisukuma bastola kwa upande wa Dakika. "Chukua silaha yako. Kapige sita za majaribio tufunge faili."

Dakika hakunyoosha mkono.

"Apige yeye."

"Utaratibu ni mtumiaji..."

"Utaratibu naujua. Nimeufuata. Apige yeye kwanza."

Tukaenda nyuma ya ghala, wote, hata waliokuwa wanamaliza zamu. Magunia ya mchanga yamepangwa kwa kimo cha mtu, na mbele yake kuna ubao mweupe. Mkuu wa ulinzi alinipa risasi sita. Nilizitia. Dakika alisimama upande wangu wa kushoto, karibu kuliko kanuni inavyoruhusu, na mkuu wa ulinzi hakumwambia arudi nyuma.

Nilipiga ya kwanza. Mkono wangu ulipoanza kurudi kulenga, Dakika alisema, "Subiri." Alitembea hatua kumi na tano hadi kwenye ubao, akaweka kidole kwenye tundu, akarudi.

"Moja. Endelea."

Nilipiga ya pili. "Subiri." Akaenda, akagusa, akarudi. "Mbili. Endelea."

Alikwenda mara sita. Hakuharakisha. Wanaume kumi na mmoja walisimama kimya nyuma yetu, na unga wa mashineni ulikuwa unatua taratibu kwenye mabega yao na kwenye mikono yangu iliyonyooshwa. Kati ya risasi ya nne na ya tano jasho liliniingia jichoni. Sikulifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Sita," alisema.

Nilifungua silinda, nikatoa maganda, nikampa bastola ikiwa wazi, mpini mbele. Aliipokea kwa mkono wenye bendeji. Mkuu wa ulinzi alimfungulia daftari la silaha juu ya gunia. Dakika aliandika namba ya silaha, akaandika matundu sita, akaitazama saa yake, akaandika saa kumi na dakika tatu, akatia sahihi. Kisha alivaa mkanda juu ya shati la nyumbani, akatembea kuelekea langoni.